Nilivyochagua keji za kaboni mara mbili

Mko kwenye kundi la baiskeli, mara mtu wa nyuma anapiga kelele "chupaaa!", basi kila mmoja anageuza shingo kumtafuta mzembe ni nani leo, alafu mzembe mwenyewe anashusha mkono kutafuta maji yake anapapasa hewa. Huyo nilikuwa mimi. Tulikuwa tunashuka mteremko, spidi imepita 50, kwenye lami kuna kiraka kimevimba kama tuta dogo hivi, gurudumu la mbele likapita vizuri, la nyuma likagonga, nikasikia "pop" kama kizibo kimefunguka na wala sikujali maana baiskeli ikigonga kitu lazima ilie. Kumbe ni chupa ya mililita 750 imejaa mpaka shingoni imetoka kwenye keji, kile kishikio cha chupa kinachofungwa kwenye fremu, ya paipu ya siti, ikadunda mara moja, ikapita kati ya gurudumu la jamaa wa nyuma yangu na mtaro. Jamaa aliikwepa kwa kiuno tu. Nyuma yake walikuwa watu sita, sitaki hata kuwaza.

Keji yenyewe ilikuwa na gramu 17. Naijua hiyo namba kwasababu niliipima siku ilipofika, nikaipima tena usiku, alafu nikampigia mshkaji wangu picha mizani ikisoma 17, utadhani namwonyesha mtoto mchanga.

Sasa tangu siku ile nimeshabadilisha keji, nimesoma sana, nimevunja moja kwa mkono wangu mwenyewe, na kuna watu wawili watatu wameniuliza wanunue zipi, nikajikuta narudia maneno yaleyale, bora niyaandike yakae sehemu moja.

Tuanze na ukweli ambao wengi hatupendi kuusema, keji ya kaboni unainunua kwasababu ni nzuri. Basi. Fremu nyeusi, hendeli nyeusi, alafu katikati pale kuna kitu cha alumini kinang'aa kama kijiko, inauma macho. Mimi sina shida na hiyo sababu kabisa, baiskeli ukiipenda utaitoa nje mara nyingi zaidi. Tatizo ni pale mtu anapojidanganya kwamba ni uzito. Keji ya alumini ya kawaida inacheza gramu 35 mpaka 50, za kaboni nyingi ziko kati ya 18 na 30, kwahiyo ukiweka mbili umeokoa kama gramu 40 hivi ukibahatika. Nikachukua chupa nikaiweka juu ya mizani, nikanywa funda moja, la kawaida tu, nikairudisha. Gramu 34 zimeondoka. Nikanywa la pili, 31. Yaani ile tofauti yote ya keji mbili niliyoilipia ni funda moja na robo hivi, na hiyo chupa ikijaa ni robo tatu ya kilo bado hujahesabu plastiki yake. Mtu anayeondoka nyumbani na chupa mbili zimejaa kwa ajili ya safari ya saa moja alafu anarudi na moja haijaguswa, huyo asiniambie kitu kuhusu gramu.

Hata kwa wale wa mashindano, sheria ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kwamba baiskeli isipungue kilo 6.8 ipo tangu 2000, na siku hizi kwa breki za diski na fremu nene za kukata upepo baiskeli nyingi zinakaa juu ya hapo, kwahiyo mafundi wa timu bado wanahangaika na gramu, sawa, ila hao wana mtu anayeshinda au kushindwa mlimani kwa sekunde. Mimi wa kuachwa na kundi kila kilima nitakuwa nimeachwa tu, na keji yoyote ile.

Sababu za maana zipo lakini. Alumini isiyopakwa rangi inasugua chupa inaacha masizi meusi, unaiosha haitoki, mkono wako unashika chupa unashika usukani, ukiwa na tepu nyeupe ndo basi tena. Kaboni haifanyi hivo. Alafu alumini inachoka kwa kulegea, kila ukichomoa na kuchomeka mikono yake inafunguka kidogo kidogo mpaka siku moja chupa inacheza ngoma humo ndani. Ni kweli unaweza kuikunja kwa mkono ikarudi, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu alumini. Kaboni haikunjiki. Inapanuka chupa ikiingia, inarudi ilipokuwa, inapanuka, inarudi, miaka, mpaka siku umeivusha mpaka wake na hapo haitoi onyo la kupinda, inakatika.

Neno "kaboni" kwenye pakiti lenyewe ndo linataka maelezo marefu, maana hapa ni mchele mmoja mapishi mbalimbali. Kuna kaboni ya kweli kweli, vitambaa vya nyuzi ndefu vilivyolowekwa resini, yaani gundi inayokauka ngumu, vinapangwa tabaka kwa tabaka ndani ya kalibu, vinabanwa na kupikwa kwa joto. Hii ndo utaona ile michoro kama mkeka, ile wanayoandika 3K, maana yake kila uzi unaouona pale umekusanya nyuzi ndogo 3,000 ndani yake, au utaona nyuzi zote zimelala upande mmoja bila kusukwa. Kusukwa ama kutosukwa sanasana ni tabaka la juu la kupendezesha, kazi inafanywa na yale ya chini usiyoyaona, kwahiyo usimlipe mtu zaidi kwasababu ya mkeka. Alafu kuna ya pili, ambayo ni plastiki ngumu ya nailoni imechanganywa na vipande vifupi vya nyuzi za kaboni au za kioo, inayeyushwa na kusindiliwa kwenye kalibu kama unavyotengeneza beseni. Na kuna ya tatu ambayo ni plastiki tupu imevalishwa stika ya mkeka. Hiyo ya tatu ni utapeli tu, tuiache.

Ya pili siyo utapeli, na hapa ndo nabishanaga na watu. Keji ya plastiki yenye nyuzi ni kitu kizuri sana. Elite Custom Race kwa mfano siyo kaboni ya mkeka, uzito wake unakaribia ule wa alumini, na bado imeonekana kwenye baiskeli za timu kubwa miaka na miaka. Ubaya wa aina hii unakuja pale muuzaji anapoandika "kaboni" kwa herufi kubwa na kukutoza kama ya kusukwa. Utaijuaje? Angalia kingo na ndani ya matundu ya bolti. Ya kusindiliwa ina mstari mwembamba unaozunguka pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, rangi yake ni nyeusi moja kama tairi, na ukiigonga kwa sarafu inatoa sauti ya butu. Ya vitambaa ukiigonga inalia kama kikombe chembamba, na kwenye kingo utaona tabaka, ukiwa na macho mazuri hata kuzihesabu utazihesabu. Ile yangu ya gramu 17 ilikuwa kaboni ya kweli tena safi, nisiisingizie. Kosa lake lilikuwa kwingine.

Kosa lake lilikuwa kushika.

Chukua keji yoyote iangalie kwa karibu, utaona ina kazi tatu. Chini kuna kijiukingo kinachozuia chupa isidondoke kwa chini. Pembeni kuna mbawa mbili zinazokumbatia. Na juu, upande wa paipu, kuna kijino kidogo kinachoingia kwenye ule mfereji unaozunguka kiuno cha chupa. Watu wengi wanadhani mbawa ndo zinashika, mbawa zinabana, kinachozuia chupa isiruke kwenda juu ni ushirikiano wa zile mbawa kuisukuma chupa nyuma ili kijino kikae ndani ya mfereji. Mbawa zikilegea kijino kinakuwa pambo. Ile keji yangu kijino chake kilikuwa kidogo kama punje, cha mviringo laini, kizuri kwa picha, na mbawa zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nikizibonyeza kwa kidole gumba zinafunguka bila kugoma. Nikawa nazisifia eti laini, zinaachia chupa kirahisi. Zinaachia kirahisi kweli.

Na kitu kingine, chupa hazilingani. Tunasema chupa ya kawaida ina upana wa milimita 73 au 74, lakini kampuni hii na ile zinapishana kidogo, na urefu wa ule mfereji kutoka chini nao unapishana, kwahiyo kijino cha keji kinaweza kukuta mfereji kwenye chupa moja na kwenye nyingine kikakuta ukuta mtupu. Zile chupa za kuta mbili za kutunza ubaridi nazo zina tabia zake, hazibonyei sana, zingine zinaingia kwa kugoma zingine zinakaa juu juu. Niliporudi kupima ile chupa iliyoruka nikakuta mfereji wake umekaa milimita tatu hivi juu ya kijino. Yaani siku zote hizo ilikuwa imeshikwa na msuguano tu, kaboni ya kung'aa kwenye plastiki laini, tena imelowa jasho na maji. Ilichelewa hata kuruka.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na kama una haraka ishia hapa, usiende kununua keji mikono mitupu, nenda na chupa zako. Zile unazotumia kila siku siyo mpya. Ijaze maji moja, iingize, usikilize. Keji nzuri inasema "tak" kijino kikiingia, na ukiangalia kwa pembeni unakiona kimezama. Alafu shika keji na chupa yake igeuze juu chini uitikise kama unatikisa dawa ya mtoto, kwa nguvu, usione aibu. Rudia na chupa ikiwa nusu, maana chupa nusu inabonyea na tabia yake ni tofauti, iliyojaa inasumbua kwa uzito, ya nusu inasumbua kwa ulaini na kelele. Kama unanunua kwa mtandao huwezi kufanya haya, basi angalia picha ya pembeni siyo ya mbele, picha ya mbele zote ni nzuri, ya pembeni ndo inaonyesha kijino kina urefu gani na mbawa zinazunguka kiasi gani. Mimi nataka mbawa zinazopita nusu ya chupa. Zinazoishia nusu sizigusi tena.

Wanaojua zaidi kuhusu chupa kuruka ni wale wa Paris-Roubaix, kule Ufaransa, mbio zilizoanza 1896 na zina zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe. Kule baada ya kipande cha kwanza cha mawe chupa zimetapakaa barabarani kama embe baada ya upepo. Mafundi wao wamezoea kubandika vipande vya tepu ya msasa ndani ya keji, ile ya kwenye ubao wa magurudumu wa kuteleza, na wengine siku hiyo wanatoa kabisa keji nyepesi wanafunga za chuma au alumini wanazikunja ziume. Watu wenye kaboni ya bure, wanalipwa kuitangaza, siku ya mawe wanaiweka pembeni. Mimi nilijaribu ile tepu kwenye keji ya gramu 17, kipande kidogo kama kucha kila upande. Ilisaidia. Ila ilikwangua chupa mpaka maandishi yakafutika, na ikaongeza gramu 2, nikacheka peke yangu.

Lakini usije ukasoma hapa ukaenda kununua keji inayong'ang'ania kama kaa. Kubana sana nako ni balaa. Nilipewa moja nijaribu, ngumu hasa, kutoa chupa mpaka uvute mara mbili, sasa uko kwenye kundi, mkono mmoja kwenye usukani, unavuta chupa haitoki, unavuta tena inatoka ghafla, baiskeli inapiga chenga, wa pembeni anakutukana na ana haki. Kuirudisha ndo kazi zaidi, inabidi uangalie chini, na kuangalia chini ukiwa umebakisha sentimita kumi kufika tairi la mwenzako siyo tabia nzuri. Kipimo changu ni kwamba nikae juu ya baiskeli mtu anishikie, nifumbe macho, nitoe na kurudisha chupa mara tano. Nikikosa hata mara moja keji hiyo siyo yangu. Arundel Mandible, ya kaboni, ina kama gramu 28, ina sifa ya kuuma chupa vizuri na watu wengi wanaiapia. Nimeijaribu kwenye baiskeli ya rafiki, inauma kweli, inataka mkono wenye nia.

Fremu yako nayo ina neno lake. Mimi ni mfupi, fremu yangu ni saizi 50, ile pembetatu katikati ni ndogo, chupa ya paipu ya siti ukiivuta kwenda juu inagonga paipu ya juu kabla haijatoka kwenye kijino. Miezi ya mwanzo nikawa naitoa kwa kuipinda kwa pembeni, na sidhani kama kuna njia nzuri zaidi ya kuua keji ya kaboni, mbawa moja inabeba kila kitu, ikafika siku ikasema "ka". Ndo hiyo niliyosema nimeivunja kwa mkono wangu, siyo ile ya gramu 17. Wenye fremu ndogo mtafute keji za kutolea pembeni, zina upande mmoja umefunguka, na hapo angalia kabla hujalipa upande upi umefunguka, maana zipo za kulia na za kushoto, unachagua kwa mkono unaonywea. Watu wengi wananunua mbili za upande mmoja bila kujua, alafu siku ya kufunga wanashangaa. Nyingine zinageuzwa, nyingine hazigeuki.

Na usisahau kuangalia chini, kama una gia mbili za mbele kile kidude cha kubadilishia gia kinaweza kugusana na tako la keji ya paipu ya siti, hasa zile keji zilizotengenezwa zikae chini sana. Chupa mbili zikikutana matako chini pale pia ni tatizo, unaweka moja ya pili haiingii. Pima kwa kushika chupa na mkono tu sehemu itakapokaa, dakika moja inatosha. Kama unashiriki mashindano ya UCI kumbuka wanataka chupa ya mililita 400 mpaka 800, zikae ndani ya pembetatu kwenye paipu ya chini na ya siti, kwahiyo yale madude ya 950 unayobebaga ni ya mazoezi.

Sasa bolti. Hapa nina mengi kwasababu hapa ndo nimelia.

Habari njema ni kwamba matundu yamekubaliana karibu dunia nzima, umbali kutoka bolti hadi bolti ni milimita 64, na bolti ni M5, yaani unene wa milimita 5. Keji yoyote itafunga kwenye baiskeli karibu yoyote, raha. Habari mbaya ni kwamba bolti inaingia kwenye nati ndogo iliyobanwa au kugundishwa ndani ya fremu, na kwenye fremu ya kaboni hiyo nati ukiikaza kwa hasira inaachia inaanza kuzunguka na bolti, huwezi kukaza wala kufungua, umebaki na keji imening'inia nusu. Nguvu inayotakiwa ni ndogo sana, kawaida nyutoni mita 2 mpaka 3, usome iliyoandikwa kwenye fremu na kwenye keji ufuate iliyo ndogo. Kwa asiye na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, shika spana ya L kwa upande mfupi, uzungushe kwa vidole viwili siyo kwa kiganja, bolti ikigoma ongeza robo basi acha. Keji ya kaboni ukikaza zaidi inaanza kupasuka kwenye tundu, utaona nyufa nyembamba kama unywele zinatoka kwenye tundu kama miale ya jua anavyochora mtoto. Kichwa cha bolti kiwe kipana na bapa, kigawe mgandamizo, kama ni kidogo weka washa nyembamba, kile kipete bapa. Na kisitokeze sana maana chupa itakisugua mpaka itoboke, hilo nimeliona kwa mtu.

Urefu wa bolti nao, watu wanachukulia poa. Zilizokuja na fremu ni fupi, keji mpya mgongo wake ni mnene, unajikuta umeshika meno matatu tu ya nati, inatosha siku ya kwanza haitoshi mwezi wa tatu. Ingiza bolti kwa mkono kwenye keji uone imetokeza kiasi gani upande wa pili. Alafu grisi, tafadhali, grisi kidogo kwenye meno. Jasho linadondoka hasa pale, jasho ni chumvi, na kaboni ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi alumini ndo inayoliwa, taratibu bila kelele, inatoa unga mweupe. Mimi nilikuwa na zile bolti za alumini za rangi, nyekundu, nzuri hatari, nilipokuja kuzitoa moja ikakatika kichwa na nyingine spana ikalamba tundu lote la kichwa likawa duara. Fundi alitumia nusu saa na dreli ndogo, mimi nimesimama pembeni nashika kichwa. Sasa hivi natumia za chuma kisichoshika kutu, nyeusi, hazina mvuto wowote. Wenye hela waweke za titani.

Na kelele. Kuna wiki mbili nzima baiskeli ilikuwa inalia "kwi kwi kwi" kila nikikanyaga pedali kwa nguvu. Nikatoa kranki, nikasafisha beringi, nikapaka grisi, nikarudisha, inalia. Nikatoa pedali. Inalia. Nikalegeza na kukaza siti, nikabadilisha gurudumu na la mwenzangu, inalia bado, nikaanza kusoma habari za fremu kupasuka usiku wa manane nikitokwa na jasho. Siku moja nimesimama kwenye mlima napedali, nikachomoa chupa kunywa, kelele ikaisha. Nikarudisha chupa, ikarudi. Kikulacho ki nguoni mwako. Bolti ya chini ya keji ilikuwa imelegea robo mzunguko tu, keji inasugua fremu, na fremu ya kaboni iko wazi ndani kama ngoma, sauti inatokea popote. Robo mzunguko. Toka siku hiyo kelele yoyote nikisikia kitu cha kwanza natoa chupa, cha pili naminya keji kwa vidole.

Kuhusu kuikagua, nafanya nikiosha baiskeli, siyo kila mara tusidanganyane. Sehemu za kuangalia ni pale mbawa inapoungana na mgongo, kwenye kona, na kuzunguka matundu. Pitisha ukucha, ukisikia unakwama angalia vizuri, rangi ya juu ikipasuka siyo lazima iwe nyuzi zimekatika, ila minya mbawa uone kama ufa unafunguka. Ukifunguka itupe. Usigundishe, nimejaribu, gundi inashika mpaka siku ya kwanza ya barabara mbaya. Na kingo za keji za bei ya chini zinaweza kuwa na vijiti vya kaboni vimetokeza, kikikuingia kidoleni utakitafuta siku tatu, kwahiyo pitisha msasa laini uliolowa maji, uliolowa nasisitiza, vumbi la kaboni ukilivuta halina faida yoyote kwenye mapafu yako.

Oya na titani je, kuna mtu ataniuliza. King Cage wa Marekani wanatengeneza kwa kupinda vipaipu vya titani, gramu 28 hivi, sawasawa na kaboni nyingi, inakunjika ikilegea na haipasuki kirahisi. Kwa akili tupu hiyo inaishinda kaboni karibu kwa kila kitu. Ila mimi nilitaka nyeusi. Nishasema mwanzoni, ni mapenzi.

Mwisho wa siku nilichofunga ni hiki. Paipu ya chini kuna keji ya kaboni ya vitambaa, gramu 26, haing'ai, mbawa nene, kijino kirefu kama jino la mbuzi, na niliinunua nimeshika chupa mkononi, muuzaji akawa ananiangalia navyoitikisa kama vile nataka kuiba. Paipu ya siti kuna ya plastiki yenye nyuzi, ya kutolea pembeni, gramu 39, kwasababu kwenye fremu yangu ndogo nimetafuta ya kaboni inayotolea pembeni na kushika vizuri kwa chupa zangu na sikuipata, zote nilizojaribu ule upande uliofunguka ulikuwa unapwaya. Ndiyo, hazifanani. Moja ina mkeka moja haina. Wenzangu kwenye kundi wameshasema wameshachoka, kuna mmoja anaziita mke mkubwa na mke mdogo. Kile kiraka cha kwenye mteremko bado kipo, nakipita kila wiki, na lile "tak" nalisikiliza kabla sijaanza kushuka, naibonyeza chupa ya nyuma kwa kiganja hata kama najua imeingia.

Ile ya gramu 17 sikuitupa, roho iliniuma. Nimeifunga ukutani juu ya meza ninapotengenezea baiskeli, nimechomeka kopo la kuwekea spana. Juzi nimegonga meza kwa goti, kopo likaruka.